Shimo la Divai

Mtoni, Temeke
6 Agosti 1972

Mjomba Anselmo,

Shikamoo. Kabla ya yote nijibu la macho ya mama. Barua yako ya Pasaka ilisema jicho la kulia limeingia ukungu na la kushoto linataka kulifuata. Limelifuata? Sie huku wazima. Anjelina mzima, watoto wazima, mdogo ametoka surua juzijuzi na sasa anakula mpaka anatutisha.

Habari yenyewe ni hii. Bwana Lindkvist, yule Mswidi niliyempikia na kumhudumia mezani pale Osterbei miaka kumi na mmoja, amemaliza mkataba wake na amekwenda kwao. Nilitegemea kiinua mgongo. Siku ya kuondoka alinipa mshahara wa mwezi mmoja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanifungulia stoo. Masanduku kumi na mawili ya mvinyo, kila sanduku chupa kumi na mbili. Akasema, "Albano, hizi ni zako. Kuzisafirisha ni ghali, na hapa ni wewe tu unayejua kuzitunza." Mjomba, nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Chupa mia na arobaini na nne, na nyumba zote zinazonizunguka ni za Waislamu.

Lakini usinihurumie bado. Nilikwenda mjini kwa Bwana Revelian, anayesimamia vinywaji kwenye hoteli moja kubwa. Yeye alikuwa akija kula kwa Bwana, kwa hiyo ananijua. Anasema mvinyo wa nje siku hizi kuupata ni kazi. Mwakani, Sabasaba, hoteli inafungua ukumbi mpya, naye atachukua zote kwa shilingi kumi na mbili chupa, kwa masharti mawili: kizibo kiwe hakijavuja, na karatasi iliyobandikwa ubavuni iwe nzima, inasomeka. Akaniambia, "Bila karatasi, Albano, hiyo ni chupa tu."

Umeshajua ninakoelekea. Nataka kumjengea mama kisima cha mvua uani kwake, cha saruji, chenye paa la bati la kukinga maji, kama vile ulivyowajengea mapadre. Asiteremke tena bondeni na ndoo. Fedha za chupa zinatosha saruji na bati, na nauli yangu ya kuja kukukabidhi mkononi.

Tatizo ni joto. Nyumba yangu ni ya bati, mchana unaweza kukaanga yai juu ya kabati, na mvinyo ukipata joto unageuka siki. Unatakiwa gizani, kwenye ubaridi, chupa zimelazwa ubavu ili kizibo kisikauke. Bwana alikuwa na mpango wa kuchimba chumba chini ya nyumba yake, serikali ikamkatalia, akaniachia karatasi ya makadirio. Ameandika mashine ya kupoza hewa, mbao za mwaloni kutoka kwao, milango miwili, kipimajoto, taa ya rangi. Jumla shilingi elfu kumi na moja na ushei. Mie nina mia mbili na kumi.

Hakuna mtu Newala aliyechimba mashimo kukushinda wewe. Nichimbe futi ngapi? Saruji mifuko mingapi?

Ni mimi mpwa wako,
Albano


Namdimba, Newala
3 Septemba 1972

Mpwa wangu Albano,

Marahaba. Jicho la kushoto limelifuata. Mama yako ananitambua kwa kikohozi changu. Mengine yote yako imara, hasa mdomo, ananituma na kunigombeza kama tulipokuwa watoto, na mie nina mvi mpaka kwenye nyusi. Mimi mgongo tu.

Miaka kumi na mmoja, na mtu anakulipa chupa! Basi tushukuru hakukulipa mbwa wake.

Makadirio ya huyo Mswidi nimeyasoma kwa sauti hapa barazani, watu wakashika mbavu. Mashine ya kupoza ardhi! Nani amewahi kuipoza ardhi? Ifute. Mbao kutoka kwao, futa, weka mianzi, fito mbili chini na moja nyuma, chupa italala kama mtoto mgongoni. Kipimajoto unacho, kinaitwa mkono. Milango miwili ifute, weka kifuniko cha mbao na juu yake mkeka. Taa ya rangi sitaki hata kuizungumzia.

Sasa sikiliza kazi. Chimba ndani ya nyumba, chumba cha nyuma, mvua isikunyeshee. Chini ya futi nane joto la jua halifiki, wewe nenda kumi na mbili. Kuta zilaze nje kidogo zisikuangukie. Ukimaliza piga lipu ya saruji, kuta na sakafu, mifuko mitatu au minne, ardhi isinywe kitu chako. Bruda wa misheni alinifundisha hivyo mwaka arobaini na saba, na visima nilivyochimba tangu siku hiyo ni arobaini na kimoja, hakuna hata kimoja kilichovuja. Hapo mnapopaita Mtoni, pana mto?

Mama yako nimemwambia. Bomba la serikali pale njiapanda mashine yake imekufa tangu Juni, kwa hiyo wote wanateremka bondeni. Yeye anashika pindo la kanga ya Filomena wa jirani, anateremka hivyo hivyo kwa kupapasa na miguu, na kurudi anarudi na ndoo yake kichwani. Ukitaka kumbebea anakutukana. Nilipomweleza habari ya kisima aliuliza, "Mlango kwa mlango? Nitachota nikiwa nimekaa?" Nikamwambia ndiyo, ukiwa umekaa.

Basi nimeshaanza kumchimbia. Shimo halina gharama zaidi ya mgongo wangu. Wewe lete saruji na bati.

Mjomba wako,
Anselmo


Mtoni, Temeke
15 Oktoba 1972

Mjomba,

Shikamoo, na mgongo wako pole. Wangu sasa ni ndugu yake. Mwambie mama namsalimu sana, na umzuie asiteremke siku za utelezi hata akikutukana.

Nimechimba. Asubuhi natafuta vibarua vya upishi, jioni naingia shimoni. Udongo nautoa kwa debe, namwaga uani, na uani sasa pana kilima ambacho watoto wanakiteleza. Anjelina amenuna wiki ya pili. Anasema yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na fuko.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Shomari, alikuja kuuliza ninachimba nini ndani ya nyumba. Nikasema stoo ya mizigo. Akaniuliza mizigo ipi inayozikwa. Mjomba, nilibabaika. Siku hizi mtu akificha hata sukari kilo tatu anaitwa mlanguzi. Nikamwambia ukweli wote, na orodha ya chupa aliyoniandikia Bwana nikamwonyesha. Akatazama masanduku, akavuta pumzi, akasema, "Vitu vyako haramu, lakini ni jasho lako. Usiuze hapa mtaani, na mie sijaona." Mtu mwema.

Makadirio yamepanda. Kutbuddin mwenye duka la vifaa hana saruji wiki ya tatu, na ile aliyoniahidi imepanda bei. Mianzi nimepata Tandika. Mbao za kifuniko nimebomoa masanduku mawili ya Bwana.

Na mto upo, ndio, Kizinga, lakini uko mbali na kwangu, mtaa umechukua jina tu.

Lililonifanya niandike ni hili. Nimefika futi tisa. Mchanga wa chini una unyevu. Nikiufinya unashikamana, na asubuhi nikikanyaga unyayo unabaki umeng'aa. Nisimame hapa au niendelee? Nasubiri jibu lako, sitagusa sururu.

Mpwa wako,
Albano


Namdimba, Newala
12 Novemba 1972

Mpwa wangu,

Marahaba. Wote wazima. Mama yako anaugua kiburi tu.

Umetumia stempu kuniuliza unyevu! Albano, wewe umezaliwa huku juu lakini umekaa jikoni mno. Unyevu ni jasho la ardhi. Hata hapa kwetu, ambako mtu akichimba mpaka afike kuzimu hapati tone, ukifika futi kumi unakuta udongo umelainika. Furahi. Ndio ubaridi wenyewe unaoutafuta, bure, bila mashine ya Mswidi. Nenda futi tatu nyingine kisha piga lipu nzito. Saruji ikikauka hakuna kitakachotoka humo.

Shimo la mama yako limekwisha, futi kumi na nne, duara safi, nimepima kwa kamba. Jana alikuja akakaa ukingoni, akaomba jiwe, akalidondosha, akasikiliza. Akasema, "Refu." Kisha akaomba jingine.

Mjomba wako,
Anselmo


Mtoni, Temeke
28 Desemba 1972

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo na heri ya Noeli. Mpe mama heri yake, mwambie wajukuu wanamwimbia.

Limekwisha! Futi kumi na mbili, lipu inchi nzima, vichanja vya mianzi pande tatu. Gharama yote shilingi mia tatu na arobaini, maana nimeuza redio. Chupa zote zimelala ubavu, karatasi zimetazama juu, Bwana angeziona angevua kofia. Ukishuka mchana wa jua kali unasikia baridi mpaka kwenye meno. Anjelina ameacha kununa. Anashuka na kibao chake kukuna nazi humo, anasema ndio mahali pekee Temeke nzima penye Ulaya.

Kila asubuhi nafungua, nashika chupa moja, nafunga. Miezi sita tu, mjomba.

Albano wako


Namdimba, Newala
20 Februari 1973

Mpwa wangu,

Hatujambo, ila dada yangu ameanguka mteremkoni. Filomena aliteleza, yeye akiwa ameshika pindo. Mfupa haukuvunjika, lakini nyonga imevimba na anatembea kwa magongo mawili. Maji sasa tunamletea, anakunywa kidogo makusudi ili asitusumbue. Nikimwambia kunywa, anasema hana kiu. Namjua, ana kiu.

Kuna maneno pia kwamba vijiji vya huku juu vitahamishwa. Maneno bado, hakuna barua.

Muulize yule mtu wa hoteli kama anaweza kununua sasa, hata nusu. Nusu inatosha saruji.

Anselmo


Mtoni, Temeke
Alhamisi Kuu, 19 Aprili 1973

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa mama. Barua yako nilichelewa kuipata, wanasema barabara ya kusini ilifungwa na mafuriko ya Rufiji. Nilipoipata nilikwenda hotelini siku ileile. Bwana Revelian akasema fungu la kununulia halijatoka, nivumilie mpaka Sabasaba. Nikarudi. Nilipanga kukuandikia hivyo, na sikuandika, maana nilikuwa nasubiri niwe na neno jema la kuweka pembeni yake. Sasa nakuandikia baya zaidi, na sijui nilianze wapi.

Masika yameanza na nguvu. Jumatatu ya tarehe tisa asubuhi niliondoa mkeka, nikafungua kifuniko kama kawaida, nikaona uso wangu.

Maji, mjomba. Hayakuingia kwa juu, nyumba ilikuwa kavu, hata mkeka ulikuwa mkavu. Yametoka chini. Yamepasua sakafu ile ya lipu nzito, yamepanda kimya kimya mpaka karibu na mdomo wa shimo, masafi, unaona mpaka kichanja cha kwanza. Na juu yake zinaelea karatasi za chupa zimetapakaa kama majani ya chai.

Niliingia na nguo. Tulichota tangu asubuhi, mie, Anjelina, na jirani yetu Chausiku aliyesikia kelele akaja na ndoo yake. Debe baada ya debe. Ilipofika adhuhuri tukakaa kupumzika, nikatazama alama niliyoweka ukutani. Yamepungua kidole kimoja. Tulipomaliza kunywa uji yamerudi.

Chupa zenyewe hazikuvunjika hata moja. Nimezitoa zote kwa kupiga mbizi, vizibo viko imara. Karatasi nimeziokota, nimezianika kwenye kamba ya nguo, nyingine zimekuwa uji, nyingine zinasomeka vizuri. Nina karatasi huku na chupa kule, na sijui ipi ni ya ipi. Orodha ya Bwana ninayo, majina yote yapo kwa mwandiko wake. Haisaidii kitu. Nimemwandikia Sweden, ingawa sijui yeye atafanya nini akiwa kule.

Mzee Shomari alikuja, akachota kwa kiganja, akaonja. Mjomba, ungemwona. Akafumba macho. "Matamu! Hayana chumvi! Albano, sie tunasimama foleni ya bomba miaka yote, kumbe wewe umelala juu ya baraka?" Mtaa mzima ukaja. Wakanipa mkono mmoja mmoja kama nimepata mtoto. Nilipokea mikono yao nimeloa mpaka shingoni.

Usimwambie mama bado.

Mpwa wako,
Albano


Namdimba, Newala
3 Juni 1973

Albano, mwanangu,

Hali zetu ni zilezile. Barua yako nimeisoma peke yangu, kisha nikatembea mpaka mwisho wa shamba na kurudi.

Kosa ni langu, na naliandika hapa kwa mkono wangu ulitunze. Uliniuliza unyevu, nikakucheka. Mie maisha yangu yote nimepigana na maji yasitoke. Visima arobaini na kimoja, saruji yote, kazi ilikuwa kuyashika maji yaliyomo yasitupotee. Kuyazuia yasiingie sikuwahi kufundishwa na Bruda, na sikuwahi kuota. Huku kwetu nani amewahi kuona ardhi ikitoa maji bila kuombwa? Hata nilipouliza habari ya mto, niliuliza kama mtu anayeuliza habari ya ukoo wa mkwe, kwa adabu tu. Nimekumalizia kiinua mgongo chako, na kisima cha dada yangu nimekifukia kwa mdomo wangu. Nisamehe, na usiponisamehe nitaelewa.

Ulisema nisimwambie. Aliniuliza, Albano, na mie sijawahi kumdanganya yule tangu alipokuwa akinibeba. Nikamsomea. Akanitaka nisome mara ya pili, na ya tatu. Akauliza, "Yametoka yenyewe? Ndani ya nyumba? Na yeye analalamika?" Akacheka, akacheka mpaka magongo yakaanguka. Nilidhani amechanganyikiwa. Halafu akayapapasa magongo, akayaokota. Akasema, "Mwambie aniletee nionje."

Nakupa ujumbe kama ulivyo.

Barua ya kuhama imekuja. Namdimba yote, mpaka mwisho wa Septemba, tuwe tumehamia kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara kuu. Wamesema kutakuwa na shule, zahanati na bomba. Huenda. Nilisimama mkutanoni nikauliza, shimo nililomchimbia dada yangu litahamishwaje. Watu walicheka. Ofisa hakucheka, alikuwa mpole, aliandika swali langu kwenye daftari lake.

Mjomba wako,
Anselmo


Mtoni, Temeke
29 Julai 1973

Mjomba,

Shikamoo. Usiniombe msamaha tena, naona aibu. Kama ni kosa, mie ndiye niliyeukanyaga ule mchanga kwa miguu yangu, nikaona unang'aa, nikaendelea. Mahali panaitwa Mtoni, mjomba, na wewe uliniuliza, na mie naishi hapo.

Sabasaba imepita. Nilikwenda hotelini na chupa sita kwenye kikapu. Bwana Revelian hakunifukuza. Alifungua moja, akamimina, akanusa, akanywa, akasema, "Hii ni nzuri sana." Nikaanza kuzitoa nyingine kikapuni. Kisha akasema, "Na hizi tano?" Nikasema nazo ni za Bwana huyohuyo. Akasema, "Nitajuaje bila kufungua? Na nikifungua nitamuuzia nani?" Nilitafuta jibu. Mpaka leo nalitafuta, nikiwa njiani, nikiwa napika. Akanilipa ile moja aliyoinywa, shilingi kumi na mbili, mkononi, na nilizipokea.

Bwana Lindkvist hajajibu.

Nyumba yangu si yangu tena. Mzee Shomari aliitisha kikao cha nyumba kumi, wakaamua kwamba maji ni mali ya wote, na kweli, nitasemaje? Wanaingia kwa mlango wa mbele, wanapita sebuleni, wanachota, wanatoka kwa nyuma. Wanabisha hodi kwa heshima na sakafu inabaki tope. Kuta za chumba cha nyuma zimeanza kupasuka, tumehamishia kitanda mbele, kwa hiyo watu wanachota maji wakipita miguuni pa kitanda chetu. Anjelina anawaitikia salamu akiwa amelala. Nilitaka kulifukia, nikashindwa. Nikishika koleo namsikia mama akicheka.

Sasa ombi lake. Nilichagua chupa iliyo nzuri kuliko zote, ya kijani, nikaifungua. Miaka kumi na mmoja nimemimina mvinyo na sikuwahi kuonja, nilikuwa naogopa harufu mdomoni. Safari hii tulikunywa, mie na Anjelina, kwenye vikombe vya chai. Ni mchachu, mjomba. Anjelina alitema. Tulitazamana tukacheka, kisha hatukucheka tena.

Nimeiosha, nimeijaza maji ya shimoni, nikaziba kwa kizibo na nta ya mshumaa. Ubavuni nimebandika karatasi kwa gundi ya dukani kwa Kutbuddin, ile isiyobanduka hata ikiloa, nimeandika kwa herufi kubwa: MAJI YA MAMA YULIANA, KUTOKA KWA ALBANO. Anakuja nayo Alfonsi, mchonga vinyago wa hapa Mtoni, anayerudi kwao Newala kwa basi la kesho. Ameapa ataipakata njia nzima.

Haya ndiyo niliyoweza. Najua hayalingani na kisima.

Mpwa wako,
Albano


7 Oktoba 1973

Albano, mwanangu,

Sijaandika mahali hapo juu kwa sababu mahali penyewe bado hapana jina. Wengine wanaita Kijiji Kipya, wengine wanaita Barabarani. Tumehama wiki tatu zilizopita, kwa lori, mama yako tukampandisha na kiti chake. Nyumba ni ya nyasi, mvua bado. Zahanati wamepanga mawe ya msingi. Bomba limesimama pale katikati, jipya, zuri, halijatoa kitu. Lori la maji linakuja siku mbili kwa wiki, kila mtu nusu ndoo, yana ladha ya kutu. Bondeni kwetu, palepale tulipokuwa tukipalaani, sasa ni mwendo wa kutwa kwenda na kurudi.

Alfonsi alifika wiki iliyopita tu, muda wote alikuwa kwao akiona haya kuja. Alikuja kwangu analia, mtu mzima yule. Kwenye kizuizi, baada ya kuvuka mto, mgambo walipekua basi. Wakaona chupa ile, wakasema ni pombe, anapeleka wapi. Akawaonyesha karatasi. Wakasema karatasi mtu yeyote anaandika. Mmoja akang'oa kizibo, akaonja, akakuta ni maji. Alfonsi anasema hapo ndipo yule mgambo alipokasirika, akidhani wanachezewa. Akayamwaga yote barabarani, akamrudishia chupa.

Alinipa chupa tupu. Karatasi yako iko palepale ubavuni.

Nilikaa nayo siku mbili nikiificha. Mama yako kila siku anauliza, Alfonsi hajafika? Nilikuambia sijawahi kumdanganya. Siku ya tatu nilitoka na nyota za alfajiri, nikatembea mpaka Namdimba. Nyumba zimeezuliwa. Shimo lake lipo, kavu, duara safi, kuna mbuzi wa mtu ametumbukia na sikuweza kumtoa peke yangu. Nikateremka bondeni nikajaza chupa yako kwenye chemchemi, nikaziba, nikarudi jioni miguu imevimba.

Nikamwambia, dada, mzigo wako kutoka Dar es Salaam. Nikamsomea karatasi. Akaipapasa kwa vidole, herufi moja moja, ingawa hajui kusoma. Akanywa. Akaacha. Akanywa tena, taratibu, mpaka robo.

Akasema, "Anselmo, haya ni ya bondeni kwetu."

Nikataka kuipokea chupa. Nilijua ataninyoosha kama anavyojua yeye. Lakini aliendelea kuishika, akasema, "Nilidhani nimeshakunywa ya mwisho." Kisha akanigeukia na macho yake yale. "Mwandikie nimeyapata. Mwandikie ni matamu. Kama alivyosema yule balozi wake."

Nimekuandikia. Ametaka nikuandikie hivyo tu, hayo mengine nimeyaongeza mie kwa sababu siwezi kuyabeba peke yangu. Usijibu kwa anwani ya Namdimba, hakuna mtu wa kupokea, na hii mpya sijapewa.

Maji yaliyobaki anayanywa kijiko kimoja kwa siku, sijui yataisha lini. Chupa analala nayo, ameilaza ubavu kama Mswidi wako alivyokufundisha. Karatasi iko nzima, inasomeka.

Mjomba wako,
Anselmo